Nilimwambia Mjomba Achukue Pesa Mapema

Novemba ya 2024 nilimpa mjomba wangu ushauri uliomgharimu shilingi 280,000. Hakuniuliza nimesomea nini. Mimi ndiye mpwa aliyefika chuo, mimi ndiye ninayekaa Nairobi, na Juni ya mwaka huo alikuwa ameniona kwenye simu ya binti yake nikiwa Kenyatta Avenue, bendera begani, nikipiga kelele kuhusu Mswada wa Fedha. Akaamini kwamba mambo ya kodi nayajua.

Mjomba alifanya kazi miaka 27 katika kiwanda kimoja pale Athi River. Septemba ile alifikisha miaka 60. Kwenye mfuko wa akiba wa wafanyakazi alikuwa na shilingi 2,200,000, na swali lake lilikuwa rahisi: achukue sasa, au aziache zikae kidogo mpaka mwaka mpya? Nilikuwa kwenye mathree, tumekwama Mlolongo kama kawaida, na nilimjibu bila hata kutoa earphone ya pili. "Chukua sasa, Mjomba. Hawa watu wanarudisha zile kodi kwa mlango wa nyuma. Ukingoja Januari utakuta wamekula nusu."

Sikuwa nimedanganya kabisa. Mswada mpya ulikuwa umeshafika Bungeni, na ndani yake mlikuwa na mambo kadhaa tuliyoyakataa Juni. Nilichokuwa nimeusomea ni picha tatu za skrini kwenye kikundi cha WhatsApp. Kipengele cha wastaafu hakikuwa kwenye zile picha.

Mjomba akajaza fomu. Pesa ikaingia mwisho wa Novemba. Tarehe 11 Desemba Rais akatia sahihi Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024, na tarehe 27 Desemba ikaanza kutumika. Sheria hiyo inasema kwamba mtu akifikisha umri wa kustaafu, malipo yake kutoka kwa mfuko wa pensheni uliosajiliwa, mfuko wa akiba au NSSF hayatozwi kodi ya mapato. Hata ndururu.

Wacha niwapigie hesabu, kwa sababu hesabu hii nimeilalia nayo usiku mwingi. Kwa sheria ya zamani, mtu aliyechukua kitita chake alisamehewa 60,000 kwa kila mwaka wa kazi, lakini miaka isizidi 10. Mjomba alikuwa na 27, akahesabiwa 10. Kwa hiyo 600,000 zikapita bure, zikabaki 1,600,000 za kukatwa. Laki nne za kwanza zikakatwa asilimia 10, laki nne za pili asilimia 15, za tatu asilimia 20, za nne asilimia 25. Ukijumlisha unapata 40,000, na 60,000, na 80,000, na 100,000. Jumla 280,000. Mwenzake wa zamu, aliyechukua zake Januari, alikatwa sufuri.

Krismasi nilienda Machakos na siri yangu tumboni.

*

Nyumbani kwetu ni upande wa milima ya Iveti, unapanda kutoka mjini mpaka hewa inabadilika. Nyanya yangu, Susu, bado anaishi hapo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alistaafu mwaka wa 2002 akiwa na miaka 55, kwa sababu enzi hizo serikali ilikuwa bado inastaafisha watu wakiwa 55. Umri wa 60 ulikuja 2009. Kila mwezi pensheni yake inaingia, na kila mwezi anaiangalia mara mbili, kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto asiyemwamini.

Nilimuuliza, kama utani, "Susu, wewe serikali hukukata kodi kwa pensheni?"

"Mimi?" akasema. "Pensheni yangu ilikuwa ndogo, kodi haikuiona. Halafu nikazeeka."

Na hivyo ndivyo sheria ilivyokuwa. Pensheni ya mwezi ilikuwa na kiwango cha kusamehewa, ambacho mwishowe kilikuwa 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Kilichozidi hapo kilikatwa. Lakini ukifikisha miaka 65, pensheni yako ya mwezi ilitoka kabisa kwenye kodi, iwe kubwa au ndogo. Mwaka wa 2020, katikati ya korona, lilikuja pendekezo Bungeni la kuufuta msamaha huo wa wazee wa 65, na wabunge wakalikataa. Susu alilifuata jambo hilo kwenye redio kila jioni, akiwa na miaka 73. Mimi mwaka huo nilikuwa nafuata mambo mengine.

Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na mkebe wa Kimbo wa zamani, ile ya bati. "Unataka kuona kodi?" akaniuliza. "Mkwe wangu alikuwa anaziweka hizi kama noti."

Ndani mlikuwa na vikaratasi. Vingine vilikuwa vimekuwa rangi ya chai, vingine vimekunjwa mpaka vimekatika katikati. Risiti za kodi za babake Babu. Kodi ya nyumba, kodi ya kichwa. Kila moja ni mwaka mmoja wa mtu ambaye mimi sikuwahi kumwona.

*

Watu wa rika langu tunaijua Machakos kwa jina la stendi. Ukisema "Machakos" Nairobi, mtu anafikiria Country Bus, ile tunayoiita Machakos Airport. Lakini huu mji ulikuwa kituo cha utawala kabla Nairobi haijawa chochote. Jina lake lilitokana na Masaku, mzee wa Kikamba ambaye Wazungu walishindwa kumtamka. Kampuni ya Imperial British East Africa iliweka ngome yake hapa, John Ainsworth akaja kuisimamia mwaka wa 1892, na makao ya utawala wa eneo hili yalikuwa Machakos mpaka 1899, reli ilipopita mbali na mji na ofisi zikahamishiwa Nairobi.

Miaka 2 baadaye, mwaka wa 1901, ikaja kodi ya nyumba. Ilianza kwa rupia 1 kwa kila nyumba, ikapanda, ikafika rupia 3. Nyumba maana yake ilikuwa kila nyumba ya boma: mwenye wake watatu alilipa mara tatu. Mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa vijana wasio na nyumba zao, kuanzia miaka 16. Lengo halikuwa tu kujaza sanduku la serikali. Shilingi au rupia haikuota shambani. Ili uipate ilibidi uuze mfugo, au uende ukafanye kazi kwa Mzungu, na huko ndiko walikotaka uende. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kodi ilipandishwa mpaka shilingi 16. Machi 1922 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe, na kodi hiyo ilikuwa moja ya mambo waliyoyalalamikia. Risasi zikapigwa, watu zaidi ya 20 wakafa. Mwaka huohuo kodi ikateremshwa hadi shilingi 12.

Hilo sikulijua Juni 2024, na nilikuwa nimesimama mwendo wa dakika kumi kutoka hapo.

Lakini kwenye mkebe wa Susu kilichonishika ni kitu kingine. Risiti zinafuatana mwaka kwa mwaka, halafu zinakoma. Nilidhani mzee alikufa. Susu akasema hapana, aliishi miaka mingine mingi, yeye mwenyewe alimpikia uji. Alisamehewa.

Kodi ya nyumba ilikuwa na mlango mmoja mdogo. Ofisa wa wilaya alikuwa na uwezo wa kumsamehe mtu asiyeweza kulipa kwa sababu ya uzee, ugonjwa au umaskini. Hakukuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuonyesha. Kwa jinsi hadithi inavyosimuliwa kwetu, mzee alienda barazani na fimbo, akasimama mbele ya meza pamoja na wazee wengine, na uzee wake ukapimwa kwa macho. Kuna waliorudishwa nyumbani kwa kuwa bado walisimama wima. Yeye inasemekana alijikunja kidogo. Susu anapofika hapo hucheka, halafu anaacha kucheka. "Mwanamume mzima," anasema. "Ajikunje."

Nimefikiria sana juu ya mgongo ule. Leo mstaafu hahitaji kujikunja. Kitambulisho kinasema alizaliwa lini na sheria inasema umri ni umri. Tofauti ni hiyo: zamani msamaha ulikuwa hisani ya mtu aliyeketi mezani, siku hizi ni haki iliyoandikwa. Haki iliyoandikwa, lakini, inamfaa aliyeisoma. Mjomba alikuwa na haki inayokuja, na mtu wake wa kusoma nilikuwa mimi.

*

Nikamuuliza Susu, mzee alikuwa anakula nini, kama hakuwa na kazi ya mshahara wala pensheni? Akaniangalia kama nimeuliza jua linatoka wapi. "Ng'ombe," akasema.

Ng'ombe ndio waliokuwa pensheni ya Ukambani. Ulifuga ukiwa na nguvu, ukazaliwa ndama, ukaoza binti ukapata wengine, na ukizeeka walikulisha, waliwatibu wajukuu, walilipa kodi ya mwaka wa ukame. Ndiyo maana mwaka wa 1938 mambo yalichemka. Serikali ya kikoloni ilisema udongo wa Machakos unaliwa na mmomonyoko kwa sababu mifugo imezidi. Haikusema sana kuhusu malisho ya Mua na kwingineko yaliyokwishachukuliwa na walowezi. Ikaamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu: wanahesabiwa, wanachukuliwa, wanapigwa mnada kwa bei ya chini. Mnunuzi alikuwepo tayari, kampuni ya Liebig's, iliyokuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River.

Muindi Mbingu na wenzake wa Chama cha Wanachama wa Ukamba hawakuandika tu barua. Watu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Machakos wakaenda Nairobi na kupiga kambi huko majuma kadhaa, wakitaka kumwona Gavana. Mwishowe Gavana Brooke-Popham alikuja mwenyewe Machakos kuhutubia. Ng'ombe waliochukuliwa wakarudishwa, upunguzaji wa nguvu ukasimamishwa. Muindi Mbingu akakamatwa, akapelekwa kifungoni Lamu. Leo ana barabara yake katikati ya Nairobi, karibu na City Market, na nimeshanunua viatu vya mtumba karibu na hapo mara nyingi bila kujua kwamba mtu huyo alikuwa anapigania akiba ya uzeeni ya babu zetu.

Weka pembeni ya hilo jambo moja. Kodi ya mapato, ile inayomkata mtu kwa kadiri anavyopata, ililetwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1920, walowezi wakapiga kelele, ikaondolewa kabla haijatulia. Ikarudi kwa nguvu mwaka wa 1937. Yaani Mkamba wa Iveti alikuwa amelipa kodi ya nyumba miaka 36, aliyepata na asiyepata kwa kiwango kilekile, kabla mwenye shamba la ekari elfu hajaanza kukatwa kwa mapato yake.

Uhuru ulikuta vitabu viwili. Sheria ya Pensheni, iliyoandikwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya watumishi wa serikali, ikaendelea kutumika. Susu alistaafu kwa hesabu zake. Chukua mshahara wa mwisho, zidisha kwa miezi uliyofanya kazi, gawanya kwa 480. Alinifundisha hesabu hiyo mezani, kwa kalamu nyekundu. Kwa wale wa kampuni na viwanda ikaja NSSF mwaka wa 1965. Na kodi nayo ikapata kitabu chake kipya: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1973, iliyoanza kutumika Januari 1974, ambayo mpaka leo ndiyo inayopakwa viraka kila mwaka wa fedha. Pensheni iliingizwa humo kama mapato mengine. Ulikatwa ukiwa kazini kwa PAYE, na ukitoka kazini na kile ulichoweka, serikali ilikuwa imekaa mlangoni na mkasi, ikiwa umevuka kiwango.

Kuna waliotetea mpango huo, na hoja yao si ya kijinga. Pesa unayoweka kwenye mfuko wa pensheni inaondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa, kwa hiyo hukukatwa wakati ule. Basi ukatwe utakapoitoa. Nchi nyingi zinafanya hivyo. Sheria ya Desemba 2024 ikasema hapana: usikatwe unapoweka, usikatwe unapotoa, ilimradi umefikisha umri. Na ikaongeza kiasi cha kuweka bila kodi kutoka 20,000 kwa mwezi hadi 30,000.

Kulikuwa na shimo moja. Msamaha ule ulizungumzia mifuko iliyosajiliwa, lakini mwalimu au polisi wa mpango wa zamani hana mfuko. Analipwa moja kwa moja kutoka hazina ya serikali. Kiinua mgongo chake kikabaki nje, mpaka Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoanza tarehe 1 Julai, ilipokiingiza pia. Ukihesabu kuanzia Desemba, hiyo ni miezi 6 ya watu kustaafu upande usiofaa wa tarehe. Mjomba hayuko peke yake.

*

Nilikaa na siri mpaka Pasaka. Nilirudi Machakos, nikamkuta Mjomba zizini. Mpango wake tangu zamani ulikuwa anunue ng'ombe watatu wa gredi, auze maziwa mjini, amalizie karo ya mtoto wa mwisho. Zizini alikuwa mmoja.

"Mjomba," nikaanza, "kuna kitu kuhusu ile pesa."

"Najua," akasema. "Mwenzangu aliniambia Februari. Alinionyesha karatasi yake, mimi nikamwonyesha yangu." Aliendelea kukwangua kinyesi kwa koleo. "Nilikasirika wiki mbili. Halafu nikajiuliza, kwani mimi nilishindwa kwenda kuuliza pale kwa mfuko wenyewe? Kulikuwa na dada pale kwenye meza ya maswali. Nilimpita nikienda kukupigia simu."

Nikasema samahani. Akasema imeisha. Halafu akasema kitu ambacho kiliniuma zaidi ya hasira: "Wewe ulikuwa unapigana na kodi. Nilidhani kupigana nayo na kuijua ni kitu kimoja."

Nimerudia maneno hayo nikiwa kwenye mathree, nikiwa kazini, nikiangalia mshahara wangu. Februari 2025 NSSF ilianza kukata mpaka 4,320 kwa mwezi kwa aliyelipwa 72,000 au zaidi, na mwajiri akawa anaongeza kiasi hichohicho. Kila mtu wa rika langu alilalamika, na mimi nililalamika. Siku hizi nasoma kwanza. Kwa mfano, najua kwamba ukihama kazi na kuchota akiba yako ya pensheni kabla ya umri wa kustaafu, ule msamaha haukuhusu, isipokuwa uwe umeugua usiweze kuendelea, au umekuwa mwanachama wa mfuko kwa miaka 20. Marafiki zangu wawili wamechota mwaka huu, mmoja kwa deposit ya gari. Niliwauliza kama walisoma. Walinitumia picha za skrini.

Siwacheki. Juni 2024 ilikuwa kweli, na watu walikufa, na mswada ukaondolewa kwa sababu watu walitoka nyumbani, kama walivyotoka watu wa Machakos mwaka wa 1938. Ila waliokuwa na Muindi Mbingu walijua ng'ombe wangapi wamechukuliwa, boma gani, bei gani. Ndicho walichoenda kumwambia Gavana. Sisi tulikuwa na mabango mazuri.

Susu amenipa risiti moja kutoka kwenye mkebe, ya mwisho kabla ya mzee kusamehewa. Alisita, kisha akaikata mara mbili kwa macho kama anavyokagua pensheni, akaniambia niiweke mahali pasipo na maji. Mjomba naye amenitumia karatasi zake za mfuko, zote, kurasa 9, kwa WhatsApp, ametanguliza ujumbe mmoja: "Soma. Kama kuna njia ya kuomba, niambie. Kama hakuna, pia niambie."

Nimezisoma. Nimesoma na sheria, kifungu kwa kifungu, pamoja na tarehe yake ya kuanza. Sioni njia, sheria ilianza tarehe 27 Desemba na haikuangalia nyuma. Jumamosi nitapanda gari la Machakos, nimwambie mwenyewe, na nimsaidie kuosha zizi.